Sinasi, siti skani na mashine ya kuongoza oparesheni: maswali wanayouliza wagonjwa wa Unguja na Pemba

Mgonjwa wa sinasi akiambiwa kwa mara ya kwanza kwamba dawa zimefika mwisho na sasa ni oparesheni, kwa kawaida hukaa kimya. Maswali huja baadaye, akiwa nyumbani na jamaa wamemzunguka, kila mmoja na alilolisikia. Hapa tumeyaandika yale yanayorudi mara kwa mara kuhusu upasuaji wa sinasi unaoongozwa kwa picha. Kama huna muda wa kusoma yote, soma lile la CD, maana ndilo linalowagharimu watu pesa na safari ya pili.

Mashine ya kuongoza oparesheni inafanya nini hasa?

Inamwonesha daktari ncha ya chombo chake iko sehemu gani ndani ya kichwa cha mgonjwa. Kazi yake ni hiyo tu. Haikati, haichomi, na haimwamulii daktari chochote.

Mambo huanza siku kadhaa kabla, unapopigwa siti skani, yaani picha nyingi za eksirei zinazoonesha kichwa kipande kwa kipande. Picha zile huingizwa kwenye kompyuta, nayo huzipanga ziwe umbo la kichwa chako. Siku ya oparesheni, ukishalala kwa nusukaputi, kifaa kidogo hubandikwa kwenye paji la uso ili kompyuta ijue kila kichwa kinaposogea. Kisha daktari huchukua kijiti maalumu na kukipitisha polepole juu ya ngozi yako: paji la uso, kingo za macho, mgongo wa pua. Kompyuta inalinganisha uso ulio mezani na uso ulio kwenye picha mpaka vikubaliane. Baada ya hapo, chombo kikiingia puani, kwenye kioo hutokea alama ya msalaba juu ya picha tatu kwa pamoja, moja ya mbele, moja ya ubavuni na moja ya kutoka juu. Pembeni kuna kioo kingine cha kamera ya pua, kinachoonesha nyama na damu kama zilivyo. Macho ya daktari yanakwenda huku na kule baina ya vioo hivyo viwili.

Mashine hizi ni za aina mbili. Ipo inayotumia kamera za mwanga usioonekana kwa macho, na hiyo hukwama mtu akisimama katikati ya kamera na chombo. Ipo pia inayotumia nguvu za sumaku, ambayo huweza kupotoshwa na vyuma vilivyo karibu. Zote zinafaa, ila kila moja inataka timu inayoijua tabia yake.

Kwani kamera ya pua haitoshi? Daktari si anaona?

Anaona kilicho mbele ya kamera. Haoni kilicho nyuma ya ukuta.

Sinasi ni vyumba vya hewa ndani ya mifupa ya uso, jozi nne: vya mashavuni, vya paji la uso, vya baina ya macho, na vya ndani kabisa katikati ya kichwa. Vile vya baina ya macho vimetenganishwa na jicho kwa mfupa mwembamba kiasi kwamba mwanga hupenya. Juu yake ni sakafu ya ubongo, na kuna pembe moja ya sakafu hiyo ambayo mfupa wake haufiki hata nusu milimita. Chumba cha ndani kabisa kimepakana na mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ubongo na mshipa wa fahamu wa kuonea. Kwa baadhi ya watu mfupa unaofunika mishipa hiyo haupo kabisa, kumebaki utando tu.

Tena watu hatufanani. Mwaka 1962 mtafiti aitwaye Keros alipima kina cha shimo dogo lililo juu ya pua, pale inapokaa mishipa ya harufu, akalipanga katika daraja tatu: milimita 1 hadi 3, 4 hadi 7, na 8 hadi 16. Madaktari wanatumia vipimo vyake mpaka leo. Mwenye shimo la milimita 2 na mwenye la milimita 12 wanaweza kuwa ndugu wa tumbo moja, na kwa nje pua zao zisionekane tafauti yoyote. Siti skani ndiyo inayowatenganisha. Kwa hiyo daktari mzuri huisoma picha yako kabla hajakusogelea, kuwe na mashine ya kuongoza au kusiwe.

Basi kila mwenye sinasi anaihitaji?

Hapana. Oparesheni ya kawaida, kwa mtu ambaye hajawahi kupasuliwa na maumbile yake yako wazi, daktari mzoefu huifanya kwa kamera na siti skani iliyosomwa vizuri, na mgonjwa akarudi kwao salama.

Chama cha madaktari wa masikio, pua na koo cha Marekani kimetoa msimamo kuhusu jambo hili, kikataja hali ambazo mashine inafaa kutumika. Inayotajwa mwanzo ni oparesheni ya marudio, na sababu yake ni rahisi kuielewa: alama alizozoea daktari zimeshaondolewa na aliyetangulia, na makovu yamejaa mahali pake. Nyingine ni maumbile yaliyopinda tangu kuzaliwa au baada ya ajali, vinyama vya pua vilivyojaa pande zote, ugonjwa ulio katika vyumba vya paji la uso au vya ndani kabisa, ugonjwa uliogusa jicho au sakafu ya ubongo, maji ya ubongo yanayovuja puani, na uvimbe wa aina yoyote.

Sisi wa visiwani kuna jambo jingine linalotuhusu. Sinasi ya kuvu, ile ambayo mwili unapata mzio dhidi ya kuvu walio ndani ya pua, huonekana zaidi kwenye nchi za joto na unyevu. Uchafu wake ni mzito, unajikusanya miaka, na unasukuma mifupa mpaka inatanuka au kumomonyoka. Wapo wanaofika jicho moja limeshaanza kutokeza nje. Kwa mgonjwa kama huyo mipaka ya kawaida haipo tena, na hapo mashine inalipa gharama yake.

Kile kioo kinaonesha ndani ya kichwa changu wakati ule ule?

Hili ndilo linaloeleweka vibaya kuliko yote. Picha ni ya siku uliyopigwa siti skani, na haibadiliki. Daktari akishaondoa nyama, kwenye kioo nyama ile bado ipo. Damu ikijaa, kioo hakiijui. Ni kama ramani ya simu: inakwambia uko barabara gani, haikwambii kwamba mvua ya masika imeshaikata.

Kwa sababu hiyo siti skani ya miaka miwili nyuma haifai, hasa ikiwa baadaye ulipata maambukizi mapya au ulipasuliwa. Na kwa sababu hiyo hiyo daktari anayeamini msalaba wa kwenye kioo kuliko anachokiona kwa kamera ni wa kuogopwa. Vikipingana, inabidi asimame na kukagua upya.

Inakosea kwa kiasi gani?

Ikipangwa vizuri, kwa kawaida tafauti baina ya pale inaposema na pale chombo kilipo haizidi milimita 2 hivi. Kwa sinasi kubwa ya shavuni hiyo si kitu. Kwa ule mfupa wa sakafu ya ubongo, ambao haufiki nusu milimita, ni nyingi. Hakuna mashine inayoweza kumhakikishia daktari kwamba bado yuko upande salama wa ukuta mwembamba namna ile. Inamwambia amekaribia, na kumpa sababu ya kupunguza mwendo.

Usahihi huo pia huharibika katikati ya kazi. Kifaa cha kwenye paji kikiteleza kidogo, plasta ikilegea kwa jasho au dawa ya kusafishia, kila kitu kinahama. Timu makini hukagua: daktari anagusa mahali panapojulikana, ncha ya pua au ukuta wa nyuma wa sinasi, na kutazama kama msalaba umekaa hapo hapo. Hurudia mara kadhaa kabla ya kumaliza.

Kuna ushahidi kwamba inapunguza madhara?

Upo, lakini si wa kuapia. Madhara makubwa katika upasuaji huu, kama kuumia jicho, kuvuja maji ya ubongo au kutoka damu nyingi, huwapata watu wachache, takriban 1 kwa kila 100 au chini ya hapo. Kitu kinachotokea kwa nadra ni kigumu kupimwa. Ungehitaji maelfu ya wagonjwa waliogawanywa kwa kura ili kuona tafauti. Uchambuzi mmoja wa 2013 uliokusanya tafiti nyingi ulionesha madhara makubwa kuwa pungufu pale mashine ilipotumika. Tafiti nyingine hazikuona tafauti. Ninavyoona mimi, faida yake kwa kesi ngumu ni ya kweli, na kwa kesi nyepesi inayomlinda mgonjwa zaidi ni mkono wa daktari.

Nina siti skani tayari. Nichukue nini nikienda kwa daktari wa rufaa?

Chukua CD. Filamu peke yake haitoshi.

Tunawaona watu wanavuka bahari na bahasha kubwa la filamu, limefungwa kanga lisilowe, wamelilinda njia nzima. Daktari analiinua kwenye mwanga, anaona ugonjwa uko wapi, kisha inambidi aseme: hizi siwezi kuzitia kwenye mashine. Kompyuta inahitaji picha zote, mamia, katika mfumo wa kidijitali wa hospitali uitwao DICOM. Filamu huonesha chache zilizochaguliwa. Mgonjwa anarudishwa kupigwa upya na kulipa upya.

Kwa hiyo kabla hujapanda kitanda cha siti skani, mwambie mtaalamu wa picha, kwa adabu na kwa uwazi, kwamba huenda ukafanyiwa upasuaji wa kuongozwa kwa picha. Akishajua hayo, atakata picha nyembamba, milimita 1 au chini yake, na ataanzia juu ya paji la uso akijumuisha uso wote, maana kompyuta itahitaji ngozi ya uso kwa kulinganisha. Pua isikatwe ukingoni mwa picha. Usibanwe uso kwa mkanda unaokunja ngozi. Kwa sinasi za kawaida huhitaji sindano ya dawa ya kung'arisha mishipa. Ukimaliza, omba CD mbili kama inawezekana, au uje na fleshi yako, na moja uiache nyumbani.

Anayetoka Pemba apige simu kwanza kuuliza kama mashine ya siti skani inafanya kazi siku hiyo. Nauli ya kwenda na kurudi bure inauma.

Mionzi yake haitanidhuru?

Siti skani ya sinasi peke yake, ikipigwa kwa kipimo kinachostahili, kwa kawaida ni chini ya milisivati 1 (milisivati ni kipimo cha mionzi inayoingia mwilini). Mionzi ya asili anayoipata binadamu kutoka ardhini na angani ni wastani wa milisivati 2.4 kwa mwaka. Si sababu ya kukataa kipimo unachokihitaji. Ni sababu ya kutokipiga mara mbili kwa kukosa CD. Mwenye mimba aseme mapema.

Teknolojia hii imetoka wapi?

Imejengwa juu ya vitu vitatu. Siti skani ya kwanza ya mgonjwa ilipigwa London mwaka 1971 kwa mashine ya Godfrey Hounsfield. Hesabu zinazofanana na zake zilikuwa zimeshaanza kufanyiwa kazi na Allan Cormack, aliyepata wazo hilo Cape Town mwaka 1956 alipokuwa akisaidia kwenye hospitali ya Groote Schuur. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Upande wa kamera, daktari Messerklinger wa Graz, Austria, ndiye aliyeonesha kwamba ukifungua mlango mdogo wa sinasi unaoziba, chumba kizima kinajisafisha chenyewe bila ya kukwangua kila kitu. Na katika miaka ya 1980 madaktari na wahandisi wa Aachen, Ujerumani, wakaunganisha picha na chombo kwa kompyuta.

Nitaipata hapa Zanzibar au lazima nivuke?

Anza na daktari wa masikio, pua na koo aliye karibu. Njia ya rufaa hutoka vituo vya afya na hospitali za wilaya na mkoa mpaka Mnazi Mmoja, na kesi zinazozidi hapo huvuka kwenda Muhimbili, Dar es Salaam. Ikiwa umeandikiwa rufaa, usiulize tu "mna mashine?" Uliza: upasuaji wangu ni wa aina inayoihitaji? Daktari atakayenipasua anafanya kesi kama yangu mara ngapi? Siti skani yangu inafaa? Nani atanitazama na kunisafisha pua baada ya oparesheni, na ni wapi? Hilo la mwisho wengi hulisahau, na ndilo linaloamua kama makovu yataziba tena. Kama uko chini ya Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, peleka barua ya rufaa uulize kinacholipiwa kabla ya kupanga tarehe.

Hospitali haina mashine. Nikatae oparesheni?

Kama kesi yako ni nyepesi, usikatae. Kama ni ya marudio, au ugonjwa umegusa jicho au ubongo, na hakuna dharura, ni haki yako kuomba upelekwe penye vifaa. Daktari mwenye nia njema hatachukia swali hilo.

Kichwa kinaniuma kila siku mbele ya uso. Si sinasi hiyo?

Mara nyingi siyo. Kichwa kinachogonga upande mmoja, kinachokuja na kichefuchefu na kuchukia mwanga, ni kipandauso, na hakuna mashine ya kuongoza itakayokitibu. Sinasi sugu ina dalili zake: pua kuziba, kamasi zito la mbele au linaloshuka kooni, harufu kupotea, kwa zaidi ya wiki 12. Siti skani ikitoka safi wakati unaumwa, tafuta sababu nyingine.

Mafusho ya karafuu au kuogelea baharini hakutasaidia kwanza?

Mvuke wa maji moto unalegeza kamasi kwa muda, na hauna ubaya ukijihadhari usiungue. Mafuta ya karafuu usiyatie puani, yanachoma utando. Maji ya bahari yana chumvi nyingi kuliko mwili unavyohitaji, na ya ufukweni si safi.

Kilichothibitika ni kusafisha pua kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, bilauri moja ya mililita 250 na nusu kijiko cha chai cha chumvi, pamoja na dawa ya kupuliza aliyokuandikia daktari, kila siku na kwa wiki nyingi. Maji ya mfereji au ya kisima yasiyochemshwa usiyasukume ndani ya sinasi. Na moshi wa mkaa na udi ndani ya chumba kilichofungwa, kwa mwenye pua inayovimba, upunguzwe.

Dawa gani nimwambie daktari?

Zote, na za asili pia. Aspirini na jamii yake huongeza kutoka damu. Usiache wala usianze bila ya kuambiwa, hasa kama umeandikiwa kwa ajili ya moyo. Mwenye pumu, vinyama vya pua, na aliyewahi kubanwa na kifua baada ya kumeza aspirini, aseme mapema kabisa. Vinyama vyake hupenda kurudi, na mpango wake wa matibabu si wa oparesheni peke yake.

Nitatia udhu na kusali vipi baada ya oparesheni?

Siku za mwanzo daktari hatataka usukume maji kwa nguvu puani wala upenge. Katika madhehebu ya Shafi, kupandisha maji puani ni sunna ya udhu. Kuiacha kwa ugonjwa hakuuharibu udhu. Kuinama sana kunapandisha damu kichwani, kwa hiyo wagonjwa wengi husali wameketi kwa siku hizo, na mgonjwa ana ruhusa hiyo. Idadi ya siku muulize daktari, na hukumu muulize sheikh wako. Ikiwa ni Ramadhani, panga mapema na wote wawili kuhusu dawa za pua na kusafisha.

Nirudi Pemba kwa boti au kwa ndege?

Kwanza, usiharakishe. Kaa karibu na hospitali mpaka usafishwe pua mara ya kwanza, ambayo mara nyingi ni baada ya wiki moja hivi. Ndege inabadilisha shinikizo la hewa kwenye sinasi, na madaktari wengi hutaka usubiri wiki moja au mbili. Boti haina tatizo hilo, lakini wakati wa kusi bahari inachafuka, na mtu anayetapika anajikamua kichwa kizima na kuchokoza damu. Omba dawa ya kuzuia kutapika, kaa katikati ya boti, na kama upepo ni mkali ahirisha siku moja. Mizigo wabebe wengine. Ukipiga chafya, fungua mdomo. Kuzamia, hata kwa kamba na kioo tu, kungoje mpaka daktari aseme.

Nirudi hospitali haraka nikiona nini?

Damu mbichi inayotiririka isiyokoma baada ya kukaa umeinama mbele kidogo. Jicho kuvimba, kuuma, kuona mbili au kuona kiza. Maji meupe membamba yanayodondoka puani, hasa upande mmoja na unapoinama, tena yana ladha ya chumvi. Homa pamoja na shingo kukakamaa au kuumwa kichwa kusikovumilika. Kwa jicho usingoje asubuhi: likivimba kwa damu, saa chache zinaweza kuondoa uwezo wa kuona. Nenda hospitali iliyo karibu zaidi usiku huo huo, sema ulifanyiwa oparesheni ya sinasi, na wape namba ya daktari wako na ile CD.